Baraji ya Ruzizi haitakata mvua. Lakini tupime sasa, mbele ya maji kufungwa

Wananchi wa Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba na Uvira. Vijana wenzetu wa Bukavu. Na ninyi majirani wa Bugarama na Cibitoke, ng'ambo ya mto,

Tangu mradi wa Ruzizi III uanze kuzungumzwa, maneno matatu yanazunguka huku kwetu. Sokoni Kamanyola utasikia: "Iyi baraji itatukatia mvua." Ukishuka Uvira utasikia lingine: "Siku batafungula maji ya kule juu, ziwa itatumeza." Na kwenye mikutano ya hoteli, kule wanakogawa chupa za maji na kalamu, utasikia la tatu: "Msiwe na wasiwasi, wataalamu walishasoma yote."

Sisi vijana wa harakati hii tumekaa chini, tumesoma, tumeuliza wanaojua, na leo tunatoa msimamo wetu. Neno la kwanza si kweli. Neno la pili si kweli namna linavyosemwa. Neno la tatu si jibu. Na juu ya hayo yote tuna dai moja kubwa: hali ya hewa na maji ya bonde hili vipimwe sasa, mbele ya baraji kujengwa, na vipimo viwekwe wazi kwa kila mtu. Tunaeleza juu ya nini.

Maji mengi yanafanya nini na hewa

Tuanze na ukweli: ndiyo, maji mengi yaliyokusanyika pahali pamoja yanagusa hali ya hewa. Hilo si uchawi, na mama anayelisema sokoni si mjinga.

Udongo unapata joto haraka na unapoa haraka. Maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa. Njo maana mchana, nchi kavu ikisha kuwaka jua, hewa yake inapanda na upepo unatoka ziwani kuja kuchukua nafasi. Usiku inageuka: milima imepoa, maji bado yana joto, upepo unashuka kwenda ziwani. Hakuna mtu wa Uvira anayehitaji kitabu kwa hilo. Wavuvi wa ndagala wanalijua toka utoto, na hata anayeuza makala kando ya barabara anajua saa gani upepo wa Tanganyika utamfikia na saa gani baridi ya Mitumba itashuka.

Tena maji yanapanda kama mvuke. Mvuke ukipanda, ukakuta hewa baridi na upepo unaosukumana, unakuwa wingu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery waliuliza swali hili kwa njia ya kompyuta: kama maziwa makubwa ya Afrika yasingekuwako, hewa ingekuwaje? Wakayaondoa kwenye hesabu yao, wakalinganisha. Walikuta kwamba maziwa yanapoza hewa iliyo juu yake, na kwamba mvua inayonyesha juu ya maji yenyewe ni karibu mara mbili ya ile ambayo ingenyesha kama pale pangekuwa nchi kavu. Sehemu kubwa ya mvua hiyo inanyesha usiku, wakati pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya ziwa. Mvuvi aliyewahi kupigwa na dhoruba saa nane za usiku anaelewa.

Mushike maneno hayo: juu ya maji yenyewe. Shamba lililo kilomita 60 mbali halipati zawadi ileile.

Na maziwa yaliyotengenezwa na watu?

Afrika iko na maziwa makubwa yaliyotengenezwa kwa kuziba mito. Ziwa Volta la Ghana, nyuma ya baraji ya Akosombo iliyomalizika mwaka 1965, lina kama kilomita za mraba 8,500. Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilijazwa toka 1958 mpaka 1963 na linapita kilomita za mraba 5,000. Hapa kwetu Kongo, watu wa Likasi wanalijua ziwa Tshangalele, lililozaliwa na baraji ya Mwadingusha kwenye mto Lufira karibu miaka mia iliyopita. Wengi wanaovua pale leo wanaliona kama ziwa la Mungu.

Ziwa la ukubwa wa Kariba linatosha kuwa na upepo wake lenyewe, ukungu wake, na ubaridi wake wa kandokando. Lakini kutoka hapo mpaka kusema "linaleta mvua" au "linakata mvua" ni safari ndefu. Angalieni Ziwa Nasser, kusini mwa Misri. Jua linakunywa pale zaidi ya kilomita za ujazo 10 za maji kila mwaka. Mvuke wote huo unapanda mbinguni. Mvua iko wapi? Aswan, mji ulio pale kwenye baraji yenyewe, bado ni moja ya sehemu kavu kabisa duniani. Mvuke peke yake hautoshi. Inabidi kuwe na upepo wa kuukusanya, mlima wa kuupandisha, hewa iliyo tayari kuupokea.

Huko Marekani, watafiti akina Faisal Hossain na Roger Pielke walichunguza swali hili kuanzia mwaka 2009: je, baraji kubwa zimebadilisha mvua kali za karibu nazo? Walipitia baraji kubwa 92. Walichokiona ni kwamba alama ya baraji inaonekana zaidi katika nchi kavu-kavu na zile zenye hewa kama ya Mediterania. Katika nchi zenye unyevu mwingi tayari, alama yenyewe ni ngumu kuiona. Waliongeza jambo ambalo watu wengi wanalisahau: mara nyingi kinachogeuza hewa si bwawa peke yake, ni kile watu wanachokifanya kandokando yake. Mashamba mapya ya kumwagiliwa, miti inayokatwa, mji unaokua.

Kwa hiyo, ukitaka kujua baraji itagusa hewa yenu namna gani, uliza mambo matatu. Bwawa lake ni kubwa kiasi gani? Hewa ya pale ni kavu au tayari ina unyevu? Na nchi iliyo kando yake itatumiwa namna gani?

Sasa turudi Ruzizi

Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, Bukavu, kwenye urefu wa karibu mita 1,460 juu ya bahari, na inamwagikia Tanganyika, chini ya mita 780. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu ya Kamanyola, kwenye makorongo yale. Njo maana baraji zinafuatana pale. Ruzizi I iko Mururu tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II inafanya kazi tangu 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya nchi tatu. Ruzizi III nayo ni ya Kongo, Rwanda na Burundi, inapangwa kutoa megawati 206, na umeme wake ugawanywe sawasawa kwa nchi tatu.

Lakini hizi si baraji za aina ya Kariba. Zinatumia mteremko na mwendo wa mto. Hazikusanyi bahari nyuma yake, zinashika maji kidogo, zinayapitisha kwenye mashine, na kuyarudisha mtoni. Korongo lenyewe ni jembamba, hakuna pahali pa kutandaza ziwa kubwa.

Tufanye hesabu ya shuleni. Tuseme, kwa mfano tu, bwawa la nyuma ya baraji ni kilomita ya mraba moja nzima. Na tuseme jua linakunywa milimita tano kwa siku, kipimo kikubwa kwa huku. Mvuke wa bwawa hilo ni mita za ujazo 5,000 kwa siku. Tanganyika, yenye kama kilomita za mraba 32,900, kwa jua hilohilo inatoa zaidi ya milioni 160. Yaani kwa kila pipa moja la mvuke la baraji, ziwa letu linatoa mapipa elfu thelathini na mbili na zaidi. Na juu yetu kuna Ziwa Kivu lenye kilomita za mraba kama 2,400, na upande wa magharibi kuna misitu ya Itombwe na bonde lote la mto Kongo. Mbele ya majitu hayo, bwawa la korongoni haliwezi kuita mvua, wala haliwezi kuifukuza.

Kwa hiyo tunasema bila kuuma maneno: kama mpunga wa Kamanyola utakosa mvua mwezi wa tatu, si kwa sababu ya baraji kukata mawingu. Anayewaambia hivyo hawasaidii. Anawapotezea hoja.

Na ziwa kutumeza?

Hili la pili linauma zaidi, juu Uvira imeona maji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilishuka na mawe na matope, ikaua makumi ya watu wetu, ikaacha makumi ya maelfu bila makao. Ziwa nalo lilipanda zaidi ya mita moja katika miaka ile, likaingia majumbani, likaingia bandarini Kalundu, likafunika Gatumba upande wa Burundi. Mwaka 2024 lilirudia tena kwa nguvu. Mtu aliyelala juu ya meza na watoto ana haki ya kuuliza nani amefungulia maji.

Basi tuhesabu tena. Maji yanayotoka Ziwa Kivu kupitia Ruzizi ni karibu mita za ujazo 100 kwa sekunde, kwa wastani. Kwa siku nzima inakuwa kama milioni 8.6. Ukiyamwaga yote juu ya Tanganyika, ziwa linapanda robo ya milimita. Kwa mwezi mzima haifiki sentimita moja, yaani chini ya unene wa kidole. Hata maji hayo yakiongezwa mara mbili kwa mwezi mzima, jambo ambalo baraji isiyo na bwawa kubwa haiwezi kulifanya peke yake, Uvira isingeona tofauti kwa macho. Tena baraji haizai maji. Inayachelewesha kidogo au inayaachilia, basi.

Ziwa lilipanda juu ya mvua. Mwisho wa mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, ikasukuma mvua nyingi Afrika ya Mashariki yote. Mwaka 2023 hali hiyo ilirudi, pamoja na El Niño. Tanganyika inapokea mito ya Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ukiwemo Malagarasi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Ikinyesha sana kila upande na mlango ni mdogo, beseni inajaa. Wazee wanakumbuka ilijaa hivyohivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Ruzizi II na III hazikuwako hata kwenye karatasi.

Na Mulongwe haina undugu wowote na Ruzizi. Inashuka toka milima iliyo juu ya mji, milima ambayo tumeikata miti.

Juu ya nini basi hatukubali kuambiwa "msiwe na wasiwasi"

Hapa ndipo tunawageukia wenye mradi na serikali zetu tatu. Kusema baraji haikati mvua si kusema baraji haina madhara. Kuna mambo manne tunayaona wazi.

La kwanza ni kando ya mto. Mtambo wa aina hii unapandisha na kushusha maji kwa saa, kufuatana na umeme unaohitajika mjini. Usiku yanashuka, jioni yanapanda. Kule Uvira ziwani halionekani. Lakini mama anayefua Kamanyola, kijana anayechota mchanga, mtoto anayeoga, yeye anaweza kusombwa na maji yaliyopanda bila wingu hata moja mbinguni.

La pili ni kipande cha mto kinachobaki na maji machache. Maji yakichukuliwa kwenye njia ya mashine, kitanda cha mto katikati ya baraji na mashine kinabaki na kile walichokubali kukiacha. Kile walichokubali ni kiasi gani? Kwa kiangazi pia? Mto ukipungua pale, ubaridi na unyevu wa kandokando unapungua pia, na samaki wanakwenda. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya karibu ambayo baraji ndogo inaweza kuigeuza kweli: mita mia chache za kandokando, si mawingu ya jimbo.

La tatu ni mashamba ya kumwagilia. Bonde letu ni kavu kuliko milima inayolizunguka, na toka mwezi wa sita mpaka wa tisa hakuna mvua ya kutegemea. Mpunga wa Kamanyola, wa Luberizi, wa Kiliba unaishi kwa mifereji. Anayeshika funguo za maji anashika sahani ya mtu.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni Ziwa Kivu lenyewe. Musitafute bwawa kubwa la Ruzizi korongoni. Bwawa lenyewe ni Kivu. Baraji zote za chini zinaishi kwa mlango ulioko Mururu. Sentimita moja tu ya Kivu ni kama mita za ujazo milioni 24, karibu siku tatu za mto mzima. Kila mashine mpya itataka mlango ule ufunguliwe zaidi. Nani ataamua? Ofisi ya nchi tatu, ABAKIR, iliundwa kwa ajili ya maji ya Kivu na Ruzizi. Je, iko na nguvu ya kusema hapana kwa kampuni?

Somo la Jinja

Kuna kisa kimoja tunataka kila kijana akijue, kwa sababu ndicho kilichotufanya tuandike.

Mwaka 1954 Waingereza walifungua baraji ya Owen Falls kule Jinja, Uganda, mahali ambapo Nile inatoka Ziwa Victoria. Ikafanya ziwa lile lote kuwa kama bwawa lake. Wakakubaliana na Misri kwamba maji yaachiliwe sawasawa na namna mto ungeyaachilia wenyewe kama baraji isingekuwako. Baadaye mashine ziliongezwa pale. Kati ya 2004 na 2006 ziwa likashuka, likafika chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Boti zikakwama kwenye matope, mabomba ya maji ya miji yakabaki juu. Jibu la kwanza likawa lile tunalolijua: ni ukame, ni mabadiliko ya hali ya hewa, ni Mungu.

Ukame ulikuwako kweli. Lakini Jinja kulikuwa na kitu kingine: kipimo cha maji ya ziwa kilichosomwa tangu mwisho wa karne ya 19. Wataalamu wa nje ya serikali wakachukua vipimo vile, wakachukua hesabu ya mvua, wakapiga. Wakaonyesha kwamba karibu nusu ya kushuka kule haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye milango ya baraji, iliyokuwa inaachilia maji kupita makubaliano ili kupata umeme.

Bila vipimo vile vya miaka mingi, ukame ungebeba kosa lote, na hakuna mvuvi hata mmoja ambaye angeweza kusema kinyume akasikilizwa.

Sasa tujiulize sisi. Miaka mitano baada ya Ruzizi III kuanza, mkulima wa Luvungi atasema: "Tangu baraji hii, maji ya mfereji yamepungua, asubuhi hakuna tena umande, mvua inachelewa." Kampuni itamwambia: lete ushahidi. Atatoa nini? Mbele ilikuwaje? Nani aliandika? Na kinyume chake: mwanasiasa akipanda juu ya gari na kupiga kelele kwamba baraji ya wageni imekata mvua ya Wakongomani, nani atamwonyesha kwamba si kweli? Pahali pasipo vipimo, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Kwenye mpaka wa nchi tatu zenye historia kama yetu, uongo kuhusu maji unaweza kuua watu.

Tunajua wengi watatuambia: "Munazungumza mvua na vita iko?" Ndiyo. Sisi pia tumekimbia, tumelala nje, tumezika. Lakini mvua haiulizi nani anashika barrière. Mikataba ya maji inatiwa sahihi hata wakati wa vita, na watoto wetu ndio watakaoishi nayo miaka hamsini.

Tunadai

Moja. Vituo vya kupima mvua, joto, upepo na unyevu viwekwe Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba na Uvira, na juu milimani pia, mbele ya kazi za kufunga mto. Mwaka mmoja mzima wa vipimo ni kidogo mno, lakini ni bora kuliko sifuri. METTELSAT ndiyo ofisi ya nchi kwa kazi hii. Wapewe vyombo, walipwe mishahara, wasiachwe na jina tu. Kituo cha utafiti wa maji cha Uvira (CRH) na kile cha Lwiro viingizwe kazini. Viko na watu wanaojua.

Mbili. Vipimo vya maji ya Kivu, vya mto Ruzizi na vya Tanganyika vitangazwe kila juma, kwa redio na kwenye simu. Si kwa ripoti ya kurasa mia tatu inayolala Kinshasa.

Tatu. Uchunguzi wa mazingira wa Ruzizi III ufupishwe na uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe sokoni na kwenye ofisi ya groupement. Useme wazi: bwawa litakuwa na ukubwa gani, maji kiasi gani yatabaki mtoni kiangazi, mashamba ya nani yataguswa, atalipwa lini na nani.

Nne. Mbele ya kuachilia maji, king'ora kilie, na tangazo litoke kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi. Mto hauna pasipoti.

Tano. Umeme ufike Kamanyola, si kupita juu ya vichwa vyetu kwenda mbali. Katika Kongo nzima karibu mtu mmoja tu kwa watano ana umeme. Wengi wetu tunapika kwa makala, na makala ni miti ya milima ileile inayotutupia mawe na matope kila masika. Ukitaka kweli kulinda hewa ya bonde hili, anza na jiko la mama.

Na sisi vijana?

Hatutakaa tukingoje serikali. Harakati yetu inaomba kila shule, kila kikundi na kila mtaa kuanzia Kamanyola mpaka Uvira kuanza kupima mvua yake yenyewe. Haitaki pesa.

Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze na uiingize ndani kama mrija wa kumimina. Weka mawe madogo chini ili upepo usiiangushe, tia maji mpaka yafunike mawe na kufika pale ubavu unaponyooka, na chora mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Iweke pahali peupe, mbali na nyumba na miti. Kila asubuhi saa moja soma, andika kwenye daftari, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni litre moja ya mvua kwa kila mita ya mraba ya shamba lako. Siku isiyo na mvua uandike pia: sifuri. Sifuri za kiangazi ndizo zitakazosema ukweli kesho.

Chupa hizohizo, tukizitupa ovyo Bukavu, zinaelea mpaka mlangoni Mururu na kusimamisha mashine za Ruzizi I. Halafu tunalala gizani na kuilaani SNEL. Bora zipime mvua.

Andika kwa jina la mtaa, tarehe na kipimo. Peleka kwa mwalimu wako au kwa kikundi cha harakati kilicho karibu nawe. Vijana wa Bugarama na Cibitoke, mufanye vilevile upande wenu, kisha tulinganishe. Daftari mia moja zenye tarehe zitakuwa na uzito mbele ya kampuni, mbele ya serikali na mbele ya mwongo yeyote wa juu ya gari.

Hatupingi umeme. Hatuogopi baraji. Tunakataa kitu kimoja tu: kujengewa maisha yetu kwa hesabu ambazo hatukuonyeshwa. Wenye mradi wakileta vipimo vyao mezani, watatukuta pale na vyetu. Masika yanayokuja yatukute na chupa zetu tayari, na ukurasa wa kwanza wa daftari umeshaandikwa.

Kamanyola, bonde la Ruzizi.